Haro Isiyo na Kwao

Mtu wa Ngara hakimbii deni. Analipa, tena anakuita mwenyewe mbele ya wazee uje upokee. Shida ni kile utakachopokea. Nimesikia wenzangu wakilipwa mbuzi mwenye kikohozi, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, hata kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo jirani mmoja wa Rulenge niliyemkopesha magunia ya maharage aliponiita, nilijiandaa kwa mbuzi. Nikalipwa haro.

Haro ya trekta, sitanii. Sahani 18 ukihesabu nafasi zake, 14 ukihesabu zilizopo. Ilikuwa imelala migombani nyuma ya nyumba, maboga yametambaa mpaka juu, na kuku anaatamia mayai katikati ya fremu. Nikauliza trekta liko wapi. Mzee aliyekuwa anaongoza kikao akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe si ulikopesha maharage? Trekta unamdai nani?" Watu wakapiga makofi, pombe ya ndizi ikazungushwa, deni likafutwa. Mama watoto, aliyekuja na kamba ya kumfungia mbuzi, alirudi nayo hadi nyumbani bila kusema neno.

Kwa wasioijua Ngara, nchi ile ni vilima vilivyobebana. Jembe la mkono linatawala huko kwa sababu nzuri kabisa. Trekta likiteleza kwenye miteremko yetu linaweza kujikuta ng'ambo ya Ruvubu, Burundi, bila kugonga muhuri Kabanga. Kule migombani haro ile ilikuwa na faida moja tu, ya mayai. Lakini mimi nina shamba Biharamulo, upande wa Lusahunga, ambako ardhi imetulia na watu hukodi matrekta ya Kahama kila mvua zinapokaribia. Huko haro ni mali.

Basi nikatafuta Fuso lililokuwa linarudi bila mzigo kwa barabara ya Rulenge kwenda Nyakahura. Kuipakia tu kulihitaji vijana wa kitongoji kizima, na kila kijana alihitaji soda, na waliosimama pembeni kutoa ushauri walihitaji soda mbili. Njiani tukasimamishwa na bwana mmoja aliyetaka kibali cha kusafirisha chuma chakavu. Nikamwambia hiki si chuma chakavu, ni zana ya kilimo. Akaizunguka, akagonga sahani moja kwa fimbo. Kipande kikadondoka. "Zana ya kilimo," akarudia polepole, akatuandikia tupite.

Tulipoishusha, kazi ya kwanza ilikuwa beringi, maana safu ya mbele ilikuwa haizunguki hata kwa matusi. Nikampigia muuza vipuri wa Kahama.

"Haro gani, mzee?"

"Ya trekta."

"Najua ya trekta. Ya kampuni gani?"

"Kwani beringi zinabagua?"

"Zinabagua, mzee," akasema, na simu ikakatika.

Kile kibao cha kiwandani kinachotaja jina, modeli na namba hakikuwepo. Yamebaki matundu mawili ya misumari yake. Kibao chenyewe, nasikia, watoto wa jirani walikifanya bodi ya gari la kuchezea, na gari nalo likaingia mtoni. Ikabidi niulize watu. Na ukitaka kujua kwa nini wanahistoria wa Kagera wanawahi kuota mvi, jaribu kuuliza watu.

Nimegundua kwamba katika wilaya zetu hizi mbili, kitu chochote cha chuma chenye umri lazima kiwe cha mmoja kati ya watano: Mjerumani, Padri, Mwitaliano, Mkimbizi au Mradi.

Mjerumani ndiye anayetajwa kwanza, kwa sababu pale Biharamulo mjini boma lake bado limesimama, na likisimama linashuhudia kila uongo. Mzee mmoja aliniapia kwamba babu yake aliiona haro hii hii ikiwalimia Wajerumani. Nikamwambia, mzee, shikamoo mara ya pili, Mjerumani aliondoka Biharamulo mwaka 1916, Wabelgiji wakimfuata nyuma. Tazama haro hii: ina sehemu tatu za kuishikiza kwenye trekta, mbili chini na moja juu inakofungwa toplinki, na inanyanyuliwa kwa haidroliki. Mpango huo ni wa Harry Ferguson, mtu wa Ireland, na matrekta yenye mfumo wake yalianza kuuzwa miaka ya 1930. Sasa huyo Mjerumani wako alikuwa anainyanyua kwa nini? Mzee akafikiri. "Kwa watu," akajibu. Nikanyamaza, maana kwa tuliyosimuliwa kuhusu utawala ule, hapo alikuwa na hoja.

Waliomtaja Padri walikuwa wengi, kwa kuwa Rulenge ni mji wa misheni. Katekista mmoja akaimaliza hoja hiyo kwa sentensi moja: ingekuwa ya Padri ingeandikwa kwenye daftari, na aliyeiazima angekuwa anatajwa kwenye matangazo baada ya misa mpaka leo.

Mwitaliano naye ana watetezi wake. Waitaliano walipokuja kujenga barabara, kampuni yao iliacha jina pale ilipopiga kambi, ndiyo hiyo Benaco tunayopita tukienda Rusumo. Lakini mjenzi wa barabara anataka greda na kijiko. Akianza kupiga haro barabara, hiyo si barabara tena, ni matuta ya viazi. Ingawa kuna vipande vya barabara nimewahi kupita nikajiuliza.

Kuhusu wakimbizi, hapo nilikataa hata kubishana. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa wilaya zetu. Walivuka wakibeba watoto, wazee na magodoro. Mtu anayesema mmoja wao alijitwika haro hana aibu.

Ukabaki Mradi. Huyu ni mgumu kumkanusha, kwa kuwa wamekuwa wengi. Kulikuwa na Siasa ni Kilimo ya mwaka 1972, kukawa na Kilimo cha Kufa na Kupona, kukawa na vijiji vya ujamaa vilivyopewa matrekta yakafa kwa kukosa vipuri, kisha mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza na matrekta ya SUMA JKT. Kila mradi ukiondoka huacha bango lililoliwa na mchwa, na chuma kimoja ambacho hakuna anayejua ni cha nani. Wengine walisema itakuwa ya UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo tulichojengewa na Wachina. Lakini UFI tulimjua kwa majembe ya mkono na plau za ng'ombe. Mnyama huyu ni mwingine.

Nilipodhani orodha imefungwa, akatokea mzee wa Kinyamwezi aliyehamia kwetu kutoka Urambo. Akasema hii ni ya Waingereza wa karanga. Huyu nilimsikiliza kwa heshima. Mpango ule wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951 ulifika kweli Urambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Waingereza waliokota matrekta yaliyobaki vitani, wakageuza vifaru kuwa matrekta ya kung'olea miti, na udongo wa Kongwa ukatafuna vyuma vyao mpaka wakachoka. Mamilioni ya pauni yakazama, na karanga zilizovunwa hazikutosha hata kuwafariji. Mzee alisimulia vizuri sana, kwa mikono yote miwili, na ningependa iwe kweli. Ila zana zao za kukokotwa hazikuwa na pointi tatu. Nilipomwambia hivyo alikasirika na mpaka leo hajaniita jina langu, ananiita Bwana Pointi.

Aliyeleta ukweli hakuwa mzee hata mmoja. Alikuwa fundi wa kuchomelea wa Biharamulo mjini, kijana mwenye miwani ya jua iliyovunjika kioo kimoja, ambayo ndiyo anayochomelea nayo. Hakuuliza historia. Alichukua brashi ya waya, akaisugua hausingi ya beringi mpaka kutu yote ikatoka, na chini ya kutu zikatokea herufi nne zilizosubiwa ndani ya chuma: TATU.

Laiti angeacha kutu.

Mtendaji wa kijiji alikuwepo. Aliruka. "Si nilisema! Hii ni mali ya kijiji. Zilikuwa haro tatu, hii ndiyo ya tatu!" Watu wakaanza kumsachi kwa maswali mwenyekiti wa zamani: ya kwanza iko wapi, ya pili aliiuza kwa nani. Yule mzee, masikini, aliyekuja kutazama tu, akaondoka akijitetea kwa mambo ya mwaka 1976. Bwana shamba akaingilia kati kwa sauti ya kitaalamu, akaeleza kwamba maandishi hayo yanamaanisha pointi tatu, ni maelekezo kwa dereva. Alipoulizwa kwa nini mtengenezaji aandike maelekezo mahali pasipoonekana na grisi ikiwemo, akasema hayo ndiyo mambo ya kitaalamu.

Kijana anayemsaidia fundi akatoa simu. Baada ya kuzunguka mti akitafuta mtandao, akarudi na jibu: Tatu ni jina la zana za kampuni ya Marchesan ya Brazili, iliyoanzishwa mwaka 1946 katika mji wa Matão, jimbo la São Paulo. Na mji huo huo una kampuni nyingine ya haro na plau, Baldan, iliyoanza mwaka 1928. Fikiria wewe: mji mmoja, ng'ambo ya bahari, unatengeneza haro za dunia, na sisi tulikuwa tunamsingizia Padri.

Mtendaji hakukubali. Brazili ni habari ya mpira, akasema. Nasikia taarifa ya zana ya kijiji sasa inasomeka hivi: haro 3, iliyopo 1, zilizopotea 2, ufuatiliaji unaendelea.

Nikampigia tena muuza vipuri wa Kahama kwa furaha ya mtu mwenye jibu.

"Nataka beringi za haro ya Tatu."

"Haro ya tatu? Hizo mbili nyingine ulinunua kwa nani?"

"Sina nyingine. Ni Tatu."

"Sawa, beringi tatu."

"Nataka nne! Nne za Tatu!"

"Mzee," akasema, "pumzika kwanza, halafu utapiga."

Fundi akaninyang'anya simu. Na hapo ndipo nilipopandwa na hasira halisi, kwa sababu alichofanya kilichukua muda wa kumenya ndizi moja. Aliifuta beringi ya zamani kwa kitambaa chenye dizeli, akasoma namba iliyopigwa kwenye pete yake, akamtajia yule wa Kahama namba tu. Kumbe beringi ina lugha yake ambayo dunia nzima inaielewa. Tuseme imeandikwa 6308: chukua tarakimu mbili za mwisho, 08, zidisha kwa 5, unapata tundu la milimita 40. Upana na kipenyo cha nje navyo vimo kwenye vitabu vyao. Beringi hiyo hiyo inaingia kwenye haro, kwenye mashine ya kusaga, popote. Haiulizi Mjerumani wala Padri. Nikamuuliza fundi kwa nini hakusema mapema kabla wazee hawajagombana. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza, na tena simulizi zilikuwa tamu.

Tukahamia kwenye sahani. Zile nne zilizopungua, jirani yangu wa Rulenge alizikumbuka moja moja, kwa shida. Mbili aliwauzia vijana wa skrepa. Moja alimpa shangazi yake anayekaanga chipsi Nyakanazi, pale njia panda ya Kibondo na Kahama. Ya nne ilikuwa kengele ya shule.

Nyakanazi nilikwenda. Shangazi alinipokea kwa heshima zote, lakini sahani alikuwa ameshaiziba tundu kwa kuchomelea na inachemka mafuta mchana kutwa. Fundi alikuwa amenionya kwamba chuma cha sahani hupewa ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu, na kikikaa motoni ovyo kinalegea. Nikala chipsi, nikalipa bei kamili, nikaondoka. Kwa haki, zilikuwa nzuri. Zilikuwa na kitu fulani cha Brazili.

Shuleni kulikuwa kugumu zaidi. Mwalimu mkuu, mama mwenye msimamo, alisema kengele ile inasikika mpaka kilima cha pili, na akiitoa watoto wa huko hawatajua saa. Tukakubaliana nimletee rimu ya Fuso badala yake. Nikaleta. Wiki ile ile nikaambiwa watoto wanachelewa na kila mmoja ana sababu moja: "Mwalimu, hatukuijua sauti."

Na baada ya yote hayo fundi akainama, akapima sahani zangu kwa futikamba, akatangaza kwamba hazifai kuchanganywa. Zilipotoka kiwandani zilikuwa za inchi 24. Sasa nyingine ni 20, nyingine 19, moja imeliwa mpaka inafanana na chapati. Ukitia mpya kati ya zilizochakaa, mpya itabeba uzito peke yake, itachimba mfereji, na wenzake wataelea. Inatakiwa safu ya mbele ziwe mpya zote 9, zile zenye meno za kukata mabua na majani, na nyuma zipangwe zile 9 za zamani zinazokaribiana. Nikamuuliza, kwa hiyo kengele ya shule ya nini? Akasema hakujua kama nimeifuata. Niliporudisha sahani shuleni, mwalimu mkuu aliipokea na rimu akabaki nayo. Sasa moja inagongwa asubuhi, nyingine wakati wa uji.

Sahani mpya zikaja kutoka kwa muuzaji mwingine, naye aliniuliza kipenyo, unene, na tundu la katikati. Tundu la sahani ni la mraba, ili izunguke pamoja na shafti yake. Yangu ni ya inchi moja na robo. Nikamwandikia kwenye ujumbe, kwa herufi kubwa. Zikaja za inchi moja na nusu ya robo. Nikampigia. "Ongeza kidogo kwa tupa," akanishauri, huku nasikia anatafuna. Fundi alijaribu mbele yangu: tupa iliteleza juu ya chuma kile ikalia, tupa ikaisha meno, sahani haikupata hata alama. Zikarudi Kahama kwa basi, kwa nauli yangu.

Hapo ndipo nilipokaa chini ya mti nikawaza jambo lililoniumiza. Uzinza yote, na Biharamulo ikiwemo, ilikuwa nchi ya wafua chuma. Warongo walikusanya mawe, wakachoma mkaa, wakavukuta, wakafua majembe yaliyobebwa mpaka Usukuma na Unyamwezi, na watu wakaoa kwayo. Huko Buhaya waliochimba mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuru za chuma zenye miaka kama 2,000. Mfua chuma huyo ndiye babu yangu. Mimi mjukuu wake nasubiri sahani ya Brazili, ipitie baharini, ipitie Kahama, na ikifika tundu halilingani.

Vijana wa skrepa walikuwa wananijua sasa. Kila asubuhi walipita na toroli na mizani ya kuning'iniza. "Shikamoo mzee. Tukupimie?" Wananiamkia vizuri kuliko wanangu. Wananunua kwa kilo, hawajali historia. Chuma chao kinakwenda kuyeyushwa na kurudi dukani kikiwa nondo. Kila walipopita, mama watoto alitoka nje akawatazama, akanitazama, akarudi ndani.

Na jirani yangu Msukuma, mwenye plau na ng'ombe wanne, alikuwa anakuja jioni kuegemea mti na kucheka. "Bwana, ng'ombe wangu wakiharibika tunakula nyama. Hii yako ikiharibika mtakula nini?" Nilitafuta jibu usiku kucha.

Nisiwachoshe na habari ya nati. Mwisho wa kila shafti kuna nati moja kubwa inayozibana sahani zote pamoja na spulu zinazozitenganisha. Nati hiyo ndiyo uhai wa haro. Ikilegea, sahani zinacheza, matundu ya mraba yanaliwa yanakuwa ya duara, na hapo umebaki na vyungu. Kuifungua tuliimwagia oili chafu na dizeli ikalala, tukaipasha moto wa gesi, tukaitukana kwa Kihangaza, Kisubi na Kiswahili. Spana ya ukubwa wake ilikuwepo moja tu katika upeo wa macho yetu, kwa fundi wa malori Nyakanazi, naye haazimishi spana, anaiazimisha pamoja na yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe anakula. Akaja. Akatia bomba refu kwenye mkono wa spana, wakaning'inia watatu, nati ikalia kwa sauti iliyowaamsha mbwa, ikazunguka.

Sahani za tundu sahihi zilipofika hatimaye, kuipanga haro upya kulikuwa raha, nakiri. Safu ya mbele ikatazama kulia, ya nyuma kushoto, ili udongo unaorushwa na moja urudishwe na nyingine. Pembe kati ya safu ukiipanua haro inakula zaidi, ukiipunguza inapita juu juu. Vikwaruzi vikafungwa karibu na sahani, bila kugusa, viondoe matope. Fundi akanipa masharti akihesabu kwa vidole: grisi kila asubuhi na jioni, baada ya saa ya kwanza ya kazi simamisha, kaza nati upya, usikate kona haro ikiwa ardhini, inyanyue kwanza. Nikayaandika kwenye karatasi ya manila, nikayabandika mlangoni. Mama watoto akauliza kama ndiyo katiba mpya ya nyumba.

Trekta la Kahama lilifika mvua zikinukia, MF 290, na dereva kijana mwenye vidude vya muziki masikioni. Haro ikafungwa. Ikafanya kazi, jamani. Mabonge yakasagika, mabua yakakatika, shamba likalala tambarare. Hata Msukuma alikuja akaukanyaga udongo kwa kisigino, akaondoka bila kucheka, na hiyo kwake ni hotuba.

Kisha tukafika kwenye malipo. Nikategemea punguzo, kwa kuwa haro ni yangu. Mwenye trekta akasema kwenye simu kwamba wao wanachaji heka, hawachaji haro. Nikamwambia haro yake si imepumzika? Akasema ndiyo, imelala Kahama bila kuzalisha, hasara hiyo nani anabeba? Tena haro yangu nzito, imekula dizeli. Tukavutana mpaka salio langu likaisha, akanipigia yeye, jambo lililonitia mashaka. Tukakubaliana: atanipunguzia, na mimi nimruhusu amalizie nayo mashamba mawili matatu ya karibu.

Haro sasa iko Nyakahura. Au ilikuwepo, mtu mmoja ameiona Kalenge, na bwana shamba anasema aliipita Runazi, tena ameniomba ikirudi aichukue kwa shamba darasa. Mtendaji amesikia inaonekana sehemu tatu tofauti, na ameandika kwamba zile mbili zilizopotea zimepatikana. Nikipiga simu naambiwa, "Tunamalizia heka mbili za mwisho, mzee." Jana nilimbana yule dereva. Nikamuuliza kama anatia grisi asubuhi na jioni, na kama ile nati wameshaikaza.

Akazima muziki. Akafikiri.

"Nati ipi, mzee?"